Tovuti tatu za bure za lugha za Waaborijini, na pesa iliyo nyuma yake: maoni ya Mnubi wa Bombo

Wacha niweke maksi mapema mwenye haraka aende zake. Ramani ya Gambay nyota nne, 50 Words nne na nusu, Living Archive tano kamili, na yule dona wetu wa huku nyumbani, yaani mfadhili aliyetuletea wokshopu, ambaye jina simtaji, nampa moja, na hiyo moja ni ya pilau ya mchana maana wapishi walijitahidi. Hizo tatu za mwanzo ni za Australia, hazilipishwi, zinafunguka kwa simu ya kawaida, na zote zinahusu lugha za Waaborijini, wenyeji wa asili wa kule. Najua mtu atauliza Mnubi wa Bombo, hapa Uganda, kapoteza nini huko. Nilichokuwa natafuta ni kimoja tu, pesa ya lugha ikiwekwa mikononi mwa wenye lugha inazaa nini baada ya miaka, maana kwetu kila ukipeleka ombi unaambiwa lugha haipimiki, leteni mradi wa kuku.

Kikundi chetu cha lugha kina cheti cha CBO (kikundi cha kijamii) kutoka wilayani, kina muhuri, kina kitabu cha wageni, na kina wamama wanaosuka tabaga, vile vyombo vyetu vya kusuka, jioni kwenye baraza ya Hajati mmoja. Hapo kwenye tabaga ndipo Kinubi, lugha yetu, bado kinatoka chenyewe bila kulazimishwa, matusi kidogo, umbea mwingi, hadithi za zamani, halafu mtoto aliyekaa pembeni akiulizwa kitu anajibu kwa Kiganda, ukimbana sana anakuja na Kiswahili. Anaelewa kila neno lakini hajibu. Sasa hiyo hali, bana, Australia wanaijua vizuri kuliko sisi. Waingereza walipotua kule 1788 zilikuwepo lugha zaidi ya 250. Ripoti yao ya taifa ya 2020 ilihesabu 123 ambazo zinatumika au zinahuishwa, na katika hizo ni 12 tu zilizo na nguvu kiasi kwamba watoto bado wanazinyonya nyumbani.

Gambay ni ramani, imetengenezwa na First Languages Australia pamoja na vituo vya lugha vya mikoani. Unaifungua unaona bara zima limejaa majina ya lugha, unabonyeza moja unapata maelezo, penye video unapata video ya watu wenyewe wakieleza kazi yao. Kilichonikamata ni kwamba majina na tahajia vinafuata wanavyotaka jamii zenyewe, si profesa aliyeamua ofisini. Wanubi tunalijua hili, karatasi za serikali zimetuandika kwa namna mbalimbali na hakuna aliyewahi kutuuliza. Nyota moja nimeikata kwa sababu ramani ni ramani, ukishaizunguka umeimaliza, huwezi kumpa mtoto ajifunzie.

50 Words ni ya Chuo Kikuu cha Melbourne, ilitoka 2019, na wazo lake ni jepesi mpaka unajiuliza kwa nini sisi hatukulifikiria, yaani maneno 50 kwa kila lugha, yakiwa na sauti. Unachagua lugha unasikiliza, au unachagua neno, tuseme moto au maji, halafu unazunguka ramani kusikia kila watu wanalitamkaje. Niliwawekea watoto pale barazani, sikuwaambia chochote, nikabonyeza tu, na mmoja akaanza kuigiza ile sauti, mwingine akamwambia hapana si hivyo, sikiliza tena, wakaanza kubishana juu ya lugha ambayo hata sisi watu wazima hatukuwahi kusikia jina lake. Halafu Hajati akasema mbona sisi hatumo. Basi. Swali zuri kuliko yote niliyowahi kusikia kwenye mikutano ya lugha, na limetoka kwa mtu ambaye hajawahi kualikwa kwenye mkutano hata mmoja.

Nusu nyota imeenda wapi? Maneno hamsini ni mlango tu, huwezi kuishi mlangoni. Ila kwa kikundi kisicho na pesa ni kazi unayoweza kuianza na simu moja na mzee mmoja mvumilivu.

Living Archive sasa, hapa nitakaa kidogo. Hii inatunzwa na Chuo Kikuu cha Charles Darwin, na ndani yake kuna maelfu ya vitabu vya watoto katika lugha za Northern Territory, eneo la kaskazini mwa Australia lenye serikali yake, kama Kiwarlpiri, Kitiwi, Kiarrernte, lugha za Wayolngu na nyingine nyingi. Vimeskaniwa ukurasa kwa ukurasa pamoja na picha zake za kuchorwa kwa mkono. Uwindaji, samaki, mizimu, safari za gari bovu, na hadithi za zamani ambazo wazee walisimulia na vijana wakaandika. Ukurasa mwingine una mistari miwili tu na mchoro wa kangaruu, na unaona kabisa kwamba aliyechora anawajua kangaruu, hakunakili kitabuni.

Vitabu hivi vilitoka wapi ndiyo habari yenyewe. Mwaka 1973 serikali ya Australia ilianzisha elimu ya lugha mbili kwenye shule za Waaborijini kule Northern Territory, na ikatoa pesa ya kuajiri wenyeji na kuweka vijikarakana vya kuchapia vitabu palepale shuleni. Kwa hiyo mwalimu msaidizi wa kijijini, mzee wa kijijini, mchoraji wa kijijini, wote walikuwa kazini, wanalipwa. Miaka ikaenda hivyo. Halafu upepo ukageuka, mwaka 1998 serikali ya Northern Territory ikatangaza inaufuta mpango, wazazi na walimu wakapiga kelele ukabaki umepunguzwa ukabadilishwa jina, na mwaka 2008 ikaja amri kwamba saa nne za kwanza za kila siku ya shule ziwe za Kiingereza. Karakana nyingi zikafungwa. Vitabu vikabaki makabatini, vingine vikaliwa na mchwa na unyevu. Mwaka 2012 ndipo watu wa chuo wakapata fandi ya kuvikusanya na kuviskani, na hawakuvipandisha tu mtandaoni, walirudi kuwatafuta waandishi na wachoraji au familia zao kuomba ruhusa.

Kwa hiyo nikisema nyota tano siyo kwa sababu ya uzuri wa websaiti. Ni kwa sababu pesa iliyotolewa 1973 bado inasomeka leo, hata baada ya waliokuja nyuma kuikata. Kitabu kilichoandikwa na mwenyeji aliyelipwa hakikufa pamoja na projekti. Na pia unaona hasara kwa macho yako, maana hifadhi ni nzuri lakini haimfundishi mtoto kuongea, aliyekuwa anamfundisha alikuwa yule mwalimu msaidizi, na yeye ndiye aliyepunguzwa kwanza.

Hapo nikaanza kufuatilia pesa yenyewe siku hizi inapitia wapi. Serikali kuu yao ina mpango unaoitwa Indigenous Languages and Arts, ambao unafadhili mtandao wa vituo vya lugha nchi nzima, na vingi vya vituo hivyo vinaendeshwa na Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait wenyewe. Jimbo la New South Wales lilienda mbele zaidi, mwaka 2017 likapitisha sheria ya lugha za Waaborijini, na kutokana na sheria hiyo mwaka 2020 ukaanza mfuko wa kusimamia mambo ya lugha na kugawa ruzuku kwa vikundi, na bodi yake ni ya Waaborijini. Soma hiyo mara mbili. Anayeketi kuamua kikundi gani kipewe pesa ya lugha ni mtu ambaye lugha yake imo kwenye hatari ileile.

Matokeo? Angalia Wagumbaynggirr wa pwani ya New South Wales. Kituo chao cha Muurrbay, ambacho kiko Nambucca Heads, kilianzishwa 1986 na wazee, kikaanza kukusanya sauti, kuandika sarufi na kamusi, kufundisha watu wazima. Mwaka 2022, pale Coffs Harbour, shirika jingine la Wagumbaynggirr haohao likafungua shule ya msingi ya lugha mbili, Kigumbaynggirr na Kiingereza, ya kwanza ya aina yake katika jimbo. Toka 1986 mpaka 2022 piga hesabu mwenyewe ni miaka 36. Hakuna dona wa hapa kwetu anayeweza kukaa na wewe miaka 36, wengi hata miezi kumi na nane wanaona umezeeka nao.

Na Wakaurna wa Adelaide ndio kiboko. Mwanamke anayehesabiwa kuwa wa mwisho kuijua lugha vizuri, Ivaritji, alifariki 1929. Walichobaki nacho ni maandishi, hasa kitabu cha wamisionari wawili wa Kijerumani, Teichelmann na Schürmann, kilichochapwa 1840. Kutoka kwenye karatasi hizo, kizazi cha wajukuu na vitukuu wakishirikiana na wataalamu wa isimu wakaanza kuifufua, nyimbo kwanza, halafu salamu, halafu hotuba, halafu majina ya bustani za jiji. Siku hizi wapo wanaowalea watoto wao kwa maneno hayo. Nilipomsimulia mzee mmoja wa msikitini kwetu akasema kumbe sisi wenye wasemaji hai tunalia njaa mbele ya sufuria lililojaa. Mzee ana maneno huyo.

Sasa turudi kwa yule wa nyota moja. Alikuja na gari zuri, mabango mawili, fulana, na wokshopu ya siku tatu hotelini kuhusu kulinda lugha za mama. Wokshopu yote kwa Kiingereza. Wamama wa tabaga walipewa rifandi ya transpoti wakasaini, tukapigwa picha, tukagawanywa kwenye makundi tukabandika karatasi za rangi ukutani. Kwenye bajeti tulikuwa tumeomba posho ndogo ya kila mwezi kwa wazee wawili wakae na vijana wawili, wapike pamoja, waongee Kinubi tu, vijana warekodi. Tukaambiwa mishahara hairuhusiwi, inaruhusiwa mafunzo. Yaani hoteli inaruhusiwa, mzee haruhusiwi! Mwisho wakatuchapia vijitabu, vizuri tu vya rangi, na makosa ya Kinubi kila ukurasa kwa sababu mchapaji hakurudisha rasimu tukague. Viko kwenye maboksi mpaka leo, muda wa projekti ulikwisha kabla ya kufika shuleni.

Nisiwapambe Australia sana lakini. Hizo pesa zao zinaombwa kwa Kiingereza, kwa fomu, kwa mashindano, na kikundi kidogo kisicho na mtu wa kuandika ombi kinaachwa nyuma kama sisi tu. Na nchi iliyozibomoa lugha hizo, ikiwachukua watoto kwa nguvu kutoka kwa mama zao, ndiyo sasa inayolipia kuzirudisha, kwa hiyo tusiite sadaka. Sisi Uganda hali ni nyingine. Katiba yetu inataja jamii 65, sera inasema watoto wa P1 mpaka P3, yaani darasa la kwanza mpaka la tatu, wafundishwe kwa lugha ya eneo lao na imekuwepo tangu 2007, ila nenda Bombo au Kawempe uone lugha ya eneo ni ipi, ni Kiganda, na sina ugomvi na Kiganda, ndicho ninachonunulia nyanya. Wasoo wa mlima Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, wana hali mbaya kuliko sisi mara nyingi, waliobaki na lugha ni wazee na watoto wameshahamia Kikaramojong. Waik wa Kaabong, jamii nyingine ndogo ya upande huohuo, angalau wana kamusi kubwa iliyotoka 2017, ya bure mtandaoni, kazi nzito kweli. Lakini kamusi ikishatoka nani anamlipa mtu wa kukaa na watoto nayo?

Ndiyo maana nawaambia vikundi vyenzangu wazitazame hizi tovuti kwa jicho la bajeti, siyo la utalii. Kila kitu kizuri utakachokiona mle, uliza nani alikuwa analipwa siku kilipotengenezwa, na alilipwa kwa muda gani. Sisi ombi letu tumeliandika upya, mstari wa kwanza ni posho ya wazee na vijana kwa miaka mitatu, wa pili simu nzuri ya kurekodi, wa tatu kuchapa, na rasimu lazima ipite kwa Hajati. Wokshopu tumeifuta.

Kwa upande wa data, kwa wale wanaonunua ya siku kama mimi, anzeni na 50 Words maana sauti ni fupifupi. Living Archive tafuta penye WiFi, shusha kitabu kimojakimoja, na ukitaka kuchapa soma masharti kwanza maana vitabu vina wenyewe. Maelezo ni Kiingereza kwa hiyo kaa na kijana wa sekondari karibu. Na anayemjua dona anayekubali kulipa posho ya mzee wa lugha bila kutupeleka hotelini, tafadhali amtaje hadharani, jina la huyo nitaliandika kwa herufi kubwa.