Siku nne Marsabit na mume wangu: Ziwa Paradise, visima vya Ulanula na barabara ya kwenda

Kabla hatujasafiri nilitafuta sana maelezo ya mtu aliyekwenda Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kutembea tu, nikakuta wengi walipita wakielekea Moyale au Ziwa Turkana, wakalala usiku mmoja na kuondoka alfajiri. Sisi tulikwenda kukaa. Tulikuwa wawili, watoto tumewaachia bibi yao, Februari, wakati wa kiangazi. Nayaandika haya kwa ajili ya wengine wanaofikiria safari kama hii.

Nianze na gari, maana hapo ndipo tulipoumia. Tulikodi Nairobi kwa kampuni iliyotuhakikishia kwamba gari limekaguliwa. Tulipopita Laisamis, saa nane mchana, jua limewaka, tairi la nyuma likapasuka. Tukashusha spea. Ilikuwa kipara kabisa, na pembeni waya zimeanza kuchomoza. Jeki nayo ilikuwa fupi, haikuinua gari hata tairi likatoka. Dereva wa lori la mbuzi alisimama bila kupungiwa mkono, akatoa jeki yake, akafunga tairi mwenyewe huku akimwambia mume wangu, "Mzee, na hii spea enda polepole, usipite hamsini." Akakataa pesa, akakubali maji tu. Tulitambaa hivyo mpaka Marsabit, na mjini tukanunua tairi kwa pesa zetu. Kampuni tuliipigia mara tatu baada ya kurudi. Kila mara ni "mtarudishiwa", na hadi leo hatujaona kitu. Kwa hivyo usisaini karatasi yoyote kabla hujaitoa spea na kuipapasa kwa mkono wako, na kabla hujaijaribu jeki hapo hapo uani.

Barabara yenyewe haina lawama. Ni lami tupu kutoka Isiolo, kilomita kama 260, na mlima Ololokwe unakukaa kushoto muda mrefu baada ya Archer's Post. Wazee wa Marsabit bado wanahadithia enzi za kusafiri juu ya malori kwa msafara wa polisi, vumbi siku mbili. Sasa ukitoka Isiolo asubuhi utakula chakula cha mchana Marsabit, kama spea yako ni nzima.

Kitu ambacho hakuna picha iliyonitayarisha nacho ni jinsi hewa inavyobadilika. Ukiwa Logologo umefungua madirisha yote na bado unatoka jasho. Barabara inaanza kupanda, inapita Karare, na kufumba na kufumbua unatafuta sweta. Mji uko mita zaidi ya 1,300 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na jangwa pande zote, na usiku upepo wake unatikisa mabati. Tulipanga chumba katika nyumba ya wageni mjini. Shuka safi, blanketi mbili nzito, maji ya moto yanaletwa kwa ndoo ukiyaomba. Kwangu ilitosha. Chakula kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia: chapati na nyirinyiri, ile nyama iliyokatwakatwa vidogo ikakaangwa mpaka ikakauka, pamoja na chai ya maziwa ya ngamia. Mume wangu alikunywa vikombe vitatu asubuhi ya kwanza na hakuagiza chai nyingine siku zote tulizokaa.

Sasa mbuga ya wanyama ya Marsabit. Lango liko karibu mno na mji, lakini usijaribu kuingia na gari dogo. Njia za ndani ni za mawe na udongo mwekundu, na zina miteremko mikali. Tuliacha letu tukachukua Land Cruiser ya mwenyeji mmoja Mborana ambaye pia ndiye aliyetuongoza. Ingekuwa ni kutoa nyota, huyu ningempa zote. Tulifika ukingoni mwa Gof Sokorte Guda saa moja asubuhi. Gof kwa Kiborana ni kreta ya volkano, na guda ni kubwa. Ziwa Paradise liko chini humo. Hatukuona ziwa. Hatukuona hata miti iliyo hatua ishirini mbele yetu. Ulikuwa ukungu mtupu, mweupe kama pamba.

Nilifadhaika. Tumetoka Nairobi, tumelipa, na tunaangalia ukuta mweupe. Nikamuuliza mwenyeji wetu kama turudi mjini. Akasema, "Mama, tungoje. Saa nne hivi utafunguka. Ukungu ndio unaofanya mlima huu uwe na msitu."

Akatuonyesha. Kwenye matawi zinaning'inia kuvumwani, zile zinazoota juu ya miti, ndefu, za kijivu zenye ukijani, kama ndevu. Kila unywele una tone la maji kwenye ncha. Niligusa mmoja kwa kidole, maji yakateremka hadi kwenye kiwiko changu. Upepo unaovuka nyika ukifika mlimani unapanda, unapoa, na unyevu wake unanaswa na miti hii, ikidondosha usiku kucha hata miezi isiyo na mvua. Tuliketi juu ya jiwe mimi na mume wangu tukiwa tumejifunika shuka moja, tukisikiliza matone. Sikumbuki mara ya mwisho tulikaa saa tatu bila mmoja wetu kushika simu.

Kabla ya kuona, tulisikia. Kuti, kuti, tawi linavunjika chini yetu. Kisha ukungu ukaanza kupasuka kutoka katikati, ziwa likatokea kijani, na ukingoni mwake ndovu saba, mmoja mdogo akiwa chini ya tumbo la mama yake. Yule mwenyeji wetu akatusimulia habari za Ahmed, ndovu wa mlima huu mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais. Alikufa 1974. Mume wangu alikuwa ameiona sanamu yake katika Makumbusho ya Nairobi akiwa mwanafunzi, akadhani imekuzwa makusudi. Nilichokipenda zaidi ni habari ya Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Marekani waliopiga kambi kando ya ziwa hili kuanzia 1924 hadi 1927 wakipiga filamu za wanyama. Miaka yote hiyo, wawili, kwenye ukungu huu! Si kila mwaka ziwa lina maji, ukame mkali hulikausha, kwa hivyo uliza kabla ya kwenda.

Siku ya tatu tulikwenda visima vya Ulanula. Huko nenda kiangazi tu, maana mvua ikinyesha mifugo hunywa kwingine. Na nenda na mwenyeji. Wetu alitangulia kuzungumza na wazee, tukaketi pembeni, na kamera ikabaki kwenye mkoba mpaka tuliporuhusiwa. Ndani ya kisima wanaume wamesimama mmoja juu ya mwingine kwenye vidato vya ukuta, ndoo iliyojaa inapanda, tupu inashuka, na wimbo ndio unaowaambia mikono iinuke lini. Wimbo ukikatika, maji yanamwagika. Mume wangu aliitwa ashike nafasi ya juu kabisa. Dakika chache tu mikono ilianza kumtetemeka, na kijana aliyekuwa chini yake akaongeza sauti ya wimbo ili amshikilie kwenye mwendo. Ng'ombe walikuwa wamepanga foleni, kimya, wakisubiri birika lijae. Ningerudi Marsabit kwa ajili ya asubuhi hiyo peke yake.

Gof Redo, kaskazini mwa mji, tulipita jioni. Mandhari ni pana na upepo ni mkali. Nusu saa inatosha.

Kama una siku moja, usiende. Ukungu unaweza kukunyima kila kitu na utaondoka na kinyongo. Chukua usiku tatu. Beba koti la kweli, na pesa taslimu za kuwapa wenyeji wa visimani, kiasi mlichoafikiana mapema.

Asubuhi ya mwisho tulilipa tena langoni tukarudi ukingoni pale pale. Saa tano ilifika ukungu haujafunguka hata kidogo. Chini, matawi yalikuwa yakivunjika, karibu kuliko siku ya kwanza, na mara moja tukasikia maji yakimwagwa, kama ndoo kubwa imepinduliwa. Mume wangu alimimina chai iliyobaki kwenye kifuniko cha thamosi, akaninyoshea kwanza, na tukabaki tumekaa mpaka mwenyeji wetu aliposema barabara ni ndefu.