Muvi za dunia kwisha: ipi ununue, ipi umwachie muuzaji

Tangu niseme kwamba muvi za dunia kwisha zinafunza ustahamilivu kuliko semina nyingi, malalamiko hayaishi. "Dada, nimenunua, funzo sikuliona, nimesikia makelele tu." Mmoja nikamwomba flashi yake niiangalie. Kumbe kopi zote humo zimetafsiriwa, yaani kuna mtu anayesimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya muvi, na hiyo ndiyo kasoro ambayo hakuna anayeiuliza dukani.

Ung'avu wa picha siuzungumzii, macho mnayo. Mimi nauliza kimoja tu: ukimya wa muvi umeachwa? Nguvu ya moyo katika muvi hizi haihadithiwi, unaiona pale mtu anapojizuia. Na mtafsiri wetu hawezi kuiacha sekunde ipite hivihivi.

Namba moja ni A Quiet Place ya 2018, na upendeleo sifichi, hata zilizofuata ninazo. Kuna viumbe vipofu vinavyowinda kwa sauti, kwa hiyo familia inatembea pekupeku juu ya mchanga uliomwagwa njiani na kuzungumza kwa lugha ya alama. Binti yao anaigizwa na Millicent Simmonds, ambaye ni kiziwi kweli. Sasa mtazame mama, Emily Blunt. Uchungu wa uzazi umeshamshika, anashuka ngazi, anakanyaga msumari uliochomoza kwenye kidato. Fremu ya picha inamponyoka, inavunjika, yeye mdomo kaubana. Kisha anauchomoa mguu taratibu. Kwenye flashi ya msomaji wangu, hapohapo mtafsiri anapasua: "Uwiii! Mama keshachomwa huyo, hachomoki tena!" Mtu atajifunza nini hapo? Chukua yenye sauti yake yenyewe. Hata kama Kiingereza kinakupiga chenga, maneno humu ni ya kuhesabika, utaifuata.

Namba mbili, I Am Legend ya 2007. Will Smith kabaki New York na mbwa wake, Sam. Ana ratiba: mazoezi, kuwinda, kutangaza redioni kwamba kila siku adhuhuri atakuwepo bandarini kama kuna aliyesalia. Ninachokipenda zaidi ni kwamba anakwenda duka la muvi kurudisha alizoazima na kuchukua nyingine, kwa kufuata alfabeti, na mwenye duka hayupo. Sisi tuliokaa kiza bila umeme hapa Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hilo tunalielewa. Aliyeshika saa zake za kuteka maji, kupika na kulala hakuchanganyikiwa. Uliza pia mwisho wake ni upi, kwani ipo miwili, na haifanani hata kidogo.

The Road ya 2009 ni baba, mwanawe, majivu, na bastola yenye risasi mbili. Nzuri mno, nzito mno; watoto wakalale kwanza. Mad Max: Fury Road ya 2015, iliyopigwa kwenye jangwa la Namibia, ndiyo pekee ambayo mtafsiri haiharibu, maana mainjini yanamfunika.

Zile za mazombi zinazouzwa rundo kwa bei ya moja, achana nazo.

Halafu kuna bei. Kopi isiyotafsiriwa unauziwa ghali zaidi, ati "hii orijino". Orijino gani, na wewe muuzaji umeishusha usiku kwa bando? Yaani nalipia kitu ambacho hukukitia? Ukimwomba akufungulie dakika mbili usikilize kwanza, anakwambia kuna foleni. Foleni yenyewe mtoto mmoja wa skuli anayetaka katuni. Na sikukuu ikikaribia anapandisha tena, utadhani faili nalo limekuja kwa boti na nauli imepanda.