Nesi aliniambia "hamna wekundu", mama yangu ni mweusi tii!

Jamani naandika hii bado nina hasira, mnivumilie. Mama alipata kiharusi, upande wote wa kulia hauna nguvu, tukamlaza hospitali moja ya binafsi hapa Dar, mwaka jana kama mwezi wa tisa hivi au wa kumi. Madaktari sina neno nao. Shida yangu ni asubuhi moja tu.

Siku ya tatu au ya nne mama akaanza kulalamika panamuuma chini ya kiuno, pale kwenye mfupa juu ya makalio. Nikamuita nesi. Akaja, akanyanyua shuka, akamulika na tochi ya simu, hata kumgusa hakumgusa, "hamna wekundu hapo dada, ngozi iko sawa", akaandika kwenye faili huyo akaondoka. Alikuwa anatafuta wekundu wa kidonda cha kulala muda mrefu, sasa kwa ngozi ya mama huo wekundu ungeonekana wapi? Nikamfuata mpaka mezani kwao, nikamwambia sista mgonjwa anaumia, akanijibu mbele za watu, "kwani nesi ni wewe au mimi?" Hilo neno halijanitoka mpaka leo.

Usiku akaingia shifti nesi mwingine, mama wa makamo. Huyo alianza na mkono, akaweka mgongo wa kiganja pale panapouma, akagusa na pembeni, akaniambia hebu na wewe weka. Pa moto, pagumu kama kuna ubao kwa ndani, na rangi imekoza kuliko jirani yake. Akasema mwanangu, sisi weusi ngozi inapimwa kwa mkono, ukisubiri wekundu utakutana na kidonda. Akakagua visigino, nyonga, mabega mpaka kisogo. Akamlaza ubavu kidogo na mto mgongoni, mwingine chini ya miguu visigino visiguse godoro, tukawa tunamgeuza kila masaa mawili. Mimi nilikuwa napasugua na mafuta ya nazi nikijua nasaidia damu itembee, akanizuia, kumbe kusugua hapo unazidi kuumiza nyama ya ndani. Na ule mpira wa upepo wenye tundu katikati nilioununua kwa hela yangu akautoa, anasema unabana pembeni damu haipiti.

Kwa ajili ya yule mama nilikuwa nimeshawasamehe, nikasema nawapa nyota nne, Mungu ambariki sana.

Ila hapana. Maana usiku uleule alifungua faili kujaza ile fomu ya Braden, ya kupima hatari ya mgonjwa kupata kidonda cha kulala, vitu sita, mgonjwa anahisi vipi, analowa kiasi gani, anatembea, anajigeuza, anakula, anaburuzika kwenye shuka, ukipata 18 kushuka chini uko kwenye hatari. Asubuhi ilijazwa 23. Yaani zote kamili! Mtu hawezi kujigeuza, anavaa pampasi, anakula vijiko vitatu, unampa 23? Yule mama akahesabu upya akapata 12, akanyamaza tu, hakumsema mwenzake.

Siku mbili mbele ngozi ikachubuka. Kidonda tumekiuguza nyumbani zaidi ya miezi miwili, mama analia kila tukisafisha, na kwenye faili lao siku ile imeandikwa ngozi iko sawa. Nyota moja, na hiyo ni ya yule mama wa usiku.