Anwani ya IP ya kudumu (namba ya mashine kwenye mtandao isiyobadilika): uiandike ndani ya seva au uihifadhi kwenye ruta?

Njia zote mbili hazina gharama. Kwenye Ubuntu Server (mfumo endeshi wa seva), anwani huandikwa katika faili la YAML (muundo wa maandishi ya mipangilio) ndani ya /etc/netplan. Ruta ikizimika, mashine zilizounganishwa kwenye swichi ileile ya mtandao bado zinaifikia seva. Ila ukibonyeza Tab badala ya spesi, faili linakataliwa. Tumia "sudo netplan try": usipothibitisha ndani ya sekunde 120, mipangilio ya zamani hurudi, hujifungii nje ya SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali). Chagua anwani iliyo nje ya fungu la DHCP (anwani ambazo ruta hugawa yenyewe), la sivyo mashine mbili zitagongana.

Kwenye ruta, anwani hufungwa kwa MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao). Mashine zikiwa nyingi, utunzaji ni rahisi mno, lakini ukibadilisha kadi ya mtandao, anwani inapotea. Seva ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), andikia ndani. Kompyuta za ofisini, ruta inatosha.