Karanga za kusagwa mbele ya mteja: banda moja la Soko la Majengo, Dodoma

Nimekuwa mteja wa banda hili kwa miezi minane, tangu daktari alipothibitisha kwamba kitinda mimba wangu, mwenye umri wa miaka mitatu, ana mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Katika nyumba ambayo ugali wa uwele kwa maziwa mgando ndio chakula cha jioni cha karibu kila siku, nilihitaji kitu cha kuweka badala ya maziwa kitakachowafaa watu sita kutoka chungu kimoja.

Banda halina bango, ila ukifuata harufu ya karanga zinazokaangwa utalifikia. Mama mwenye banda huzichambua karanga kwenye ungo, huzikaanga, huzipepeta maganda mepesi, kisha huuliza, "Nikusagie laini au ya chengachenga?" Haongezi sukari, chumvi wala mafuta, nawe unashuhudia kila hatua. Karanga zake nyingi anasema hutoka Kongwa, mahali ambapo Waingereza waliuanzisha mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947 na kuutelekeza mwaka 1951, huku wakulima wadogo wakiendelea kuzilima hadi leo. Kinachonivutia zaidi ni ule uchambuzi wa kwenye ungo, kwa kuwa punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu hutupwa, na sisi wa mikoa ya Dodoma na Manyara hatujasahau vifo vilivyoletwa na sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, mwaka 2016.

Jikoni, karanga hizi zimefanya kazi kuliko nilivyotarajia. Mlenda uliotiwa karanga si jambo geni kwa Wagogo, hivyo hapo sikubadili kitu ila kuondoa bakuli la mgando lililokuwa likikaa pembeni. Kwenye uji wa uwele nilikosea mara mbili za mwanzo kwa kutumbukiza karanga moja kwa moja kwenye sufuria inayochemka, zikafanya mabonge na kushika chini. Sasa hukoroga vijiko viwili kwa maji ya uvuguvugu hadi viwe kama maziwa mazito, humimina mchanganyiko huo kwenye uji unapokaribia kuiva, na hukoroga bila kuacha mpaka niuepue. Mchicha, majani ya kunde na hata maharage hupikwa kwa namna hiyohiyo. Kwenye chai karanga hazifai kabisa. Tulirudi kwenye chai ya rangi yenye tangawizi, na baba watoto amezoea baada ya manung'uniko ya wiki moja. Maandazi nayapikia tui, ingawa nazi husafirishwa kutoka pwani na bei yake hapa Dodoma hainiruhusu kuitumia kila siku.

Aliyekuwa mgumu kushawishika ni mama mkwe, aliyekulia kwenye boma la ng'ombe huko Chamwino. "Mwanangu, mpe basi ya mbuzi, au mgando, hayo hayana neno," aliniambia. Ilinibidi nimweleze kwa heshima yale niliyoelezwa hospitalini, kwamba mgando huwasaidia baadhi ya watu wanaosumbuliwa na laktosi, yaani sukari ya maziwa, kwa kuwa bakteria huipunguza maziwa yanapoganda, ilhali mzio wa mtoto huyu unatokana na protini, ambayo haiondoki kwa kuganda wala kwa kuchemshwa, na ile ya mbuzi inafanana mno na ya ng'ombe. Alinyamaza. Jioni iliyofuata nilimkuta akiukoroga uji wa karanga mwenyewe.

Dosari ya banda hili si ndogo. Pamoja na karanga, mama huyu huuza unga wa lishe aliouchanganya na maziwa ya unga, na mwezi wa pili wa ununuzi wangu alichota karanga zangu kwa kijiko kilichotoka kwenye ndoo ya unga huo. Usiku mtoto alitoka vipele shingoni, midomo ikavimba, tukakimbilia hospitali. Nilipomweleza alisikitika kweli, na tangu hapo huniwekea kijiko cha peke yake na kunisagia kabla hajafungua ndoo ya lishe. Hata hivyo, mteja mgeni asiyeuliza hataambiwa, na kwa sababu hiyo siwezi kulipatia banda hili alama zote.

Karanga hazina kalisi (kalsiamu) ya kutosha kuziba pengo la maziwa, kwa hiyo dagaa wanaoliwa wazima na mboga za majani bado ni vya lazima mezani kwetu. Tena karanga zenyewe ni chanzo cha mzio kwa baadhi ya watoto, na sisi tulipata ruhusa ya daktari kwanza.

Nenda asubuhi, kabla ya saa tatu, ukiwa na kopo lako kavu lenye mfuniko. Karanga mpya huanza kuingia sokoni mvua zikishakatika, na bei hupungua. Nunua za wiki mbili tu, kwa sababu joto la Dodoma huziharibu upesi, na ukiona mafuta yamepanda juu usiyamwage; yakoroge yarudi chini.