Gladiator II: Gharama Maradufu, Kisa Pungufu

Mwaka 2000 Ridley Scott alitoa filamu ya Gladiator kwa gharama ya takriban dola milioni 103, na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo 5 za Oscar, zikiwemo ya filamu bora na ya mwigizaji bora wa kiume aliyopewa Russell Crowe. Mwaka 2024 mwongozaji huyohuyo alirudi na sehemu ya pili ambayo bajeti yake ilipita dola milioni 200, na mapato yake ya sinema duniani kote yakafika karibu dola milioni 460, kiasi ambacho kinakaribiana sana na kile ilichoingiza filamu ya kwanza miaka 24 kabla, wakati tiketi zilikuwa bei nafuu zaidi. Swali linalonishughulisha ni nini hasa kilichonunuliwa kwa fedha hizo za ziada. Kwa maoni yangu kimenunuliwa kingi cha kutazama na kidogo mno cha kugusa moyo, isipokuwa pale Denzel Washington anapojitokeza. Ili nieleze hukumu hiyo sina budi kukigusa kisa chote hadi mwisho wake, kwa hiyo asiyependa kujua yatakayotokea na aitazame kwanza.

Filamu ya kwanza ilijengwa juu ya haja moja ndogo. Maximus, jemadari aliyeshinda vita Germania, hataki cheo wala ardhi mpya. Anataka kurudi shambani kwake Hispania, kwa mkewe na mwanawe, awahi mavuno. Scott alitumia muda mrefu kutuonyesha haja hiyo kabla ya kumnyang'anya mtu yule kila kitu na kumfanya gladiator, yaani mtumwa wa kupigana mbele ya watazamaji, na ndiyo maana alipoingia uwanjani na upanga mkononi tulijua kila pigo linatoka wapi. Adui yake naye alikuwa na jeraha lake: Commodus, aliyechezwa na Joaquin Phoenix, ni mtoto aliyeambiwa na baba yake mzazi kwamba hatarithi kiti, na akamuua baba huyo huku akimkumbatia na kulia. Baba huyo, mzee kaisari Marcus Aurelius, alimpenda Maximus kama mwana na akashindwa kumpenda mwanawe wa damu. Mapigano yote ya Kolosiamu, uwanja mkubwa wa michezo wa Roma, yalizaliwa na ugomvi huo wa nyumbani, na mtazamaji hakuhitaji kuijua historia ya Roma ili uchungu wake umfikie.

Sehemu ya pili inaanza kwa kufuata nyayo hizohizo, lakini kwa haraka. Lucius, mtoto tuliyemwona zamani akiwa mjukuu wa kaisari, sasa ni mtu mzima anayeishi Numidia, Afrika ya Kaskazini, kwa jina la Hanno. Jeshi la Roma linakuja kwa merikebu chini ya jemadari Acacius, mji unaanguka, mkewe Arishat anauawa kwa mshale, naye Lucius anachukuliwa mateka. Arishat tumemwona kwa dakika chache tu. Tunaambiwa kwamba ndoa yao ilikuwa na mapenzi, tunaambiwa kwamba mume anaungua kwa hasira, nasi tunalazimika kuyasadiki hayo kwa neno la filamu, kwa sababu hatukupewa nafasi ya kuyaishi pamoja nao.

Hapo waandishi walikuwa na wazo zuri kweli. Acacius, anayechezwa na Pedro Pascal, ni mtu aliyechoshwa na vita, ameoana na Lucilla, mama mzazi wa Lucius, na anapanga kwa siri kuwaangusha makaisari wawili, Geta na Caracalla. Maana yake shujaa wetu amemwelekezea chuki yake yote mtu ambaye, lau wangekutana kwa njia nyingine, wangesimama upande mmoja. Kisa kama hicho kinaweza kubeba filamu nzima. Lakini wanapokabiliana uwanjani chuki ile inayeyuka kwa maneno machache, Acacius anauawa muda mfupi baadaye, na kuanzia hapo Lucius hana tena anayemdai damu. Ni lazima atafutiwe sababu nyingine ya kupigana, na sababu iliyopatikana ni nasaba: yeye ni mwana wa Maximus.

Kuhusu jambo hili sitalainisha maneno, kwa maana linaharibu filamu mbili kwa mpigo. Katika ile ya kwanza Lucilla anamwambia Maximus kwamba mwanawe anakaribia miaka 8, na Maximus anajibu kwamba yeye pia ana mtoto wa kiume wa umri huohuo. Mazungumzo yale yalikuwa mazuri kwa sababu yalikuwa ya watu wawili waliopendana zamani, ambao maisha yalikuwa yamewapa kila mmoja nyumba yake. Ukimfanya Lucius kuwa damu ya Maximus, umemfanya mume yule, ambaye uaminifu wake kwa marehemu mkewe ndio uliokuwa nguzo ya hadithi yote, kuwa mtu aliyezaa na wanawake wawili karibu wakati mmoja. Zaidi ya hayo, Maximus aliheshimiwa kwa matendo yake. Mwanawe anataka kuheshimiwa kwa sababu ya baba yake. Paul Mescal ni mwigizaji mwenye kipaji na anapigana kwa nguvu zote za mwili wake, ila hotuba anazopewa kuhusu ndoto ya Roma ni za mtu ambaye tangu utotoni hakuwa na sababu yoyote ya kuipenda Roma.

Kinachoiokoa filamu ni Macrinus. Katika historia huyu alikuwa mtu wa Caesarea ya Mauretania, mji unaoitwa Cherchell katika Algeria ya leo, aliyepanda hadi kuwa mkuu wa walinzi wa kaisari na kisha akawa kaisari mwenyewe mwaka 217 baada ya Caracalla kuuawa, ingawa hakutawala zaidi ya miezi kumi na kitu. Filamu inambadilisha kuwa tajiri mwenye kumiliki wapiganaji, na Denzel Washington anamcheza kwa raha ya ajabu: namna anavyoshika vazi lake, anavyomcheka seneta aliyezama kwenye deni la kamari, anavyoingia chumbani kama mgeni mnyenyekevu na kutoka akiwa amemiliki nyumba. Katikati ya hayo inafichuka kwamba aliwahi kuwa mtumwa wa Marcus Aurelius. Mzee yule mwenye hekima, ambaye kifo chake kilitutoa machozi katika filamu ya kwanza, aliwatia watu alama ya moto kama ng'ombe. Nilipolisikia hilo nilikaa wima, kwa kuwa kwa mara ya kwanza sehemu ya pili ilikuwa inaiuliza sehemu ya kwanza swali ambalo haikuwahi kujiuliza.

Miendelezo iliyofaulu hufanya hivyo. James Cameron alipotengeneza sehemu ya pili ya Terminator mwaka 1991, kwa fedha nyingi mara kadhaa kuliko ile ya 1984, alilichukua jitu la chuma lililokuwa muuaji akalifanya mlinzi wa mtoto, na kila kitu kikaonekana upya. Gladiator II ilikuwa na mageuzi ya namna hiyo mikononi mwake. Mtumwa wa zamani anayetaka kuitwaa Roma kwa hila zilezile alizofundishwa na Roma ndiye aliyestahili kubeba filamu, lakini amewekwa upande wa uovu ili auawe mtoni na kijana wa ukoo wa kifalme.

Mandhari sina ugomvi nayo sana. Shambulio la mwanzo, lililopigwa picha Ouarzazate, Morocco, mbali kabisa na bahari, linatisha na linaeleweka. Kolosiamu iliyojengwa Malta, mahali palepale ilipojengwa ya kwanza, ina uzito wa mawe ya kweli. Nyani wanaowavamia mateka wanaonekana wazi kuwa ni wa kompyuta. Papa katika vita vya merikebu ndani ya uwanja nao ni chumvi ya waandishi, ingawa vita vya majini vyenyewe vimetajwa na mwanahistoria Cassius Dio katika uzinduzi wa Kolosiamu mwaka 80. Muziki wa Harry Gregson-Williams ni wa kazi safi, lakini kila moyo unapotakiwa kuguswa huazimwa sauti za Hans Zimmer na Lisa Gerrard za mwaka 2000.

Jambo moja zaidi linamhusu mtazamaji wa Afrika. Katika filamu ya kwanza Juba, mpiganaji mwenzake Maximus, aliyechezwa na Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin, alikuwa mtu kamili mwenye familia, imani na msimamo, na ndiye aliyepewa maneno ya mwisho. Sehemu ya pili inaanzia Numidia, nchi ya Juba, lakini Wanumidia wenyewe hawapewi muda wa kuwa watu. Hata kiongozi wao Jubartha, anayechezwa na Peter Mensah, anapita upesi mno.

Aliye na nafasi ya kuiona kwenye skrini kubwa aione, kwa ajili ya shambulio la mwanzo na kwa ajili ya Macrinus. Aliye na jioni moja tu arudie ile ya mwaka 2000. Scott amekwisha kusema hadharani kwamba anafikiria sehemu ya tatu, na iwapo itatengenezwa, ningependa kwanza iwatafutie wahusika wake kitu cha kupoteza, kisha ndipo bajeti ijadiliwe.