Jozi mbili za pete za skopu, boksi zote mbili zimeandikwa 21

Nimenunua pete za kufungia skopu, yaani darubini ya kulengea, mara mbili ndani ya miezi minne, na kila boksi liliandikwa urefu wa kwenda juu wa milimita 21. Jozi ya kwanza imelala kwenye droo. Ya pili iko juu ya bunduki yangu, na ndiyo ninayoisifu hapa.

Bunduki ni CZ 452 ya risasi ndogo za .22, iko kwenye cheti changu cha silaha, na kazi yake ni kutoboa karatasi mita 50 siku ya Jumamosi, nikiwa nimelala kifudifudi. Majirani wa Njoro huniuliza kama ninafuata swara. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, nami sina hamu nao.

Jozi ya kwanza niliuziwa na duka ambalo sitalitaja. Nilipiga simu nikauliza, "Hii 21 imepimwa kutoka wapi hadi wapi?" Nikajibiwa, "Mama, ni saizi ya kati, itakutosha." Haikunitosha. Kumbe walipima kutoka reli, yaani sehemu ya juu ya bunduki ambapo pete hushika, hadi sehemu ya chini ya bomba la skopu. Bomba langu ni la inchi 1, yaani milimita 25.4, kwa hivyo katikati ya lenzi ilikaa milimita 33.7 juu ya reli. Ili nione picha nzima ilibidi niinue kichwa mpaka shavu likaachana na kitako, nikabaki nimeegemeza kidevu. Kila risasi kichwa kilikaa mahali tofauti, na kivuli cheusi chenye umbo la mwezi mwandamo kikawa kinaingia upande huu, mara upande ule. Matundu yalitawanyika karatasini. Nililaumu risasi, nikalaumu upepo wa Bonde la Ufa, hata nikalaumu macho yangu ya miaka 58.

Mwenzangu wa klabu, mwanamume mwenye uso mrefu, alilala na bunduki hiyo hiyo, pete hizo hizo, akaona vizuri kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba urefu wa pete unafuata uso wa mtu kabla ya kufuata skopu. Wengi hushauri tu, "Iweke chini kadiri inavyowezekana." Ushauri huo unasahau shavu, tena unasahau bolti, kile chuma chenye mkono unachoinua na kuvuta ili kufungua chemba ya risasi. Bolti ya 452 huinuka digrii 90. Ukishusha skopu mno, mkono wake utagonga kioo cha nyuma kila unapoifungua. CZ 457, ambayo ni mpya zaidi, imepunguziwa hadi digrii 60, na wenye nayo hawapati shida hiyo sana.

Safari ya pili nilipima mwenyewe mezani, chemba ikiwa tupu. Lenzi yangu ya mbele ni ya milimita 40, lakini ganda lake kwa nje ni 47. Nusu yake ni 23.5. Mtutu wangu, pale ganda linapofika, uko milimita 5 chini ya reli. Nikitaka nafasi ya milimita 2 isiguse chuma, nahitaji 20.5 kutoka reli hadi katikati ya bomba. Muuzaji wa pili, kijana mwenye subira, alichukua vania, kile kipimo cha milimita chenye taya, akapima nikiwa kwenye simu, akasema, "Mama, hii 21 yetu ni hadi katikati." Nililipa shilingi 5,800 bila kubembeleza bei.

Ni pete za chuma, zinauma vizuri ile mifereji ya reli ya milimita 11 juu ya bunduki. Ganda limeachana na mtutu kwa milimita 2.5, na bolti inapita chini ya kioo bila kugusa. Nilifunga macho, nikalaza shavu pale linapopenda kulala lenyewe, nikafungua macho: picha imejaa, hakuna kivuli. Nilikaza skrubu za juu kidogo kidogo, kwa zamu, kwa spana inayopima nguvu, hadi nyutoni mita 2. Zaidi ya hapo bomba linaweza kubonyea.

Lawama yangu ni moja. Ufunguo wa pembe sita uliokuja nao ni laini, ulianza kulika kona siku ile ile. Tumia wako. Na boksi bado halisemi 21 ni hadi wapi, jambo linaloniudhi kwa sababu mstari mmoja wa maandishi ungeniokolea miezi minne.

Jumamosi iliyopita risasi zangu tano za mwisho zilifunikwa na sarafu ya shilingi 20. Pete za kwanza bado ziko kwenye droo, safi, pamoja na boksi. Mwenye uso mrefu na cheti halali aje tuonane klabuni.